Mshahara pekee haumbakizi mtu kazini

Mfanyakazi wa miaka thelathini na kitu akiandika barua ya kuacha kazi, wakubwa wengi husema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Lawama hiyo inafunika sababu za kweli.

Waliozaliwa kati ya 1981 na 1996, wanaoitwa kizazi cha milenia, si vijana wadogo tena. Wengi wana watoto, na ndio wanaobeba ofisi zetu. Nchini Tanzania walikulia katika miaka ya ubinafsishaji. Baada ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma kuundwa mwaka 1992, mashirika mengi yaliuzwa au kufungwa, na maelfu ya wazazi waliotumikia kwa uaminifu wakapunguzwa kazini. Aliyeyaona hayo nyumbani kwao alijua mapema kwamba utii haumlindi mtumishi.

Ndiyo maana hatosheki na ahadi ya kiinua mgongo. Huangalia anavyotendewa leo. Kwanza hupima muda wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Lakini agizo la bosi kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku halihesabiwi kuwa kazi. Anayelijibu anawanyima wanawe muda wao, na asiyelijibu anaonekana mvivu.

Hupima pia haki: nani anapelekwa mafunzoni, nani anapandishwa cheo, na kwa vigezo gani. Nafasi ikitangazwa huku ofisi nzima ikijua imeshapata mwenyewe, hata mchapakazi huanza kufanya kazi ilimradi siku ipite.

Madai haya hayakuzaliwa na kizazi hiki. Mwaka 1959, mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliona kuwa malipo duni na usimamizi mbovu huleta manung'uniko, ila kuyaondoa hakutoshi kumpa mtu ari. Ari hutoka katika kufanikisha jambo, kutambuliwa na kukabidhiwa jukumu. Wahandisi wale ni rika la babu zetu, na walitaka yaleyale.

Waajiri wetu wanaweza kuanza na mambo yasiyohitaji bajeti kubwa: kubandika wazi vigezo vya kupanda cheo, na kuacha maagizo ya usiku yasubiri asubuhi. Na yale maswali ambayo afisa utumishi humwuliza mtu anayeaga, aulizwe angali kazini, majibu yake yakiwa bado yanaweza kubadili kitu.