Usimfanye rafiki yako jiwe la trekta

"WEE, panda hapo mbele utukalie!"

Kama umewahi kusimama kando ya shamba huku Mugutha, Ruiru, trekta ikilima kabla ya mvua, huenda umesikia wito kama huo. Plau imeinuliwa nyuma, magurudumu ya mbele yanaelea, usukani haushiki. Basi kijana mmoja anarukia boneti, miguu inaning'inia, wenzake wanacheka, kazi inaendelea.

Kicheko hicho kinaweza kuishia hospitalini. Shimo moja tu, na jamaa ameteleza mbele ya magurudumu yanayosonga.

Kwani trekta huinuka kwa nini? Fikiria mkokoteni wa maji. Ukipanga mitungi yote nyuma ya ekseli, mikono inaruka juu na mwenyewe ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Trekta ni hivyo hivyo: magurudumu ya nyuma ndiyo egemeo, na mzigo ulio nyuma yake unapunguza uzito wa mbele.

Hesabu yake ni ile fizikia ya kidato cha pili uliyodhani hutaihitaji tena. Tuseme kati ya ekseli mbili za trekta ndogo kuna mita 2. Ukining'iniza mzigo wa kilo 100 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, mbele inapoteza kilo 50. Kuzirudisha, chuma cha kilo 40 kinatosha, mradi kifungwe nusu mita mbele ya ekseli ya mbele. Kadiri chuma kinavyokaa mbali na egemeo, ndivyo kinavyofanya kazi kubwa zaidi.

Kule Marekani na Kanada mambo hugeuka. Trekta za bustani hufungwa mashine ya kuondoa theluji mbele, kwa hivyo ni magurudumu ya nyuma yanayokosa uzito na kuteleza. Wao huongeza vyuma nyuma, na minyororo kwenye tairi. Kanuni ni moja: uzani unawekwa upande wa pili wa mzigo.

Sasa, huku kwetu ufanyeje? Njia nzuri ni vyuma vya uzito vilivyotengenezewa trekta hiyo, vikakazwa kwa bolti kwenye fremu ya mbele. Ukikosa, fundi wa jua kali anaweza kukuchomelea sanduku la chuma ujaze zege. Lishikwe na fremu, si boneti, wala lisifungwe kwa kamba.

Wengine hujaza maji kwenye tairi za nyuma hadi kama robo tatu. Kila lita ni kilo moja, na tairi hushika udongo vizuri. Lakini usidanganyike: maji hayo hayatashusha mbele iliyoinuka. Pia usipitilize uzani. Trekta nzito kupita kiasi hula mafuta, huchosha ekseli na hushindilia udongo uliokuja kuulima. Kazi ikiisha, vua vyuma.

Kuna kazi moja ambayo vyuma vya mbele pekee havitakuokoa: kung'oa visiki, kama vile vya mikahawa mashamba yanapogeuzwa kuwa ploti. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli na kisiki kikakataa, trekta inaweza kupinduka kinyumenyume chini ya sekunde 2. Dereva hapati hata nafasi ya kukanyaga klachi. Funga mnyororo kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, vuta polepole, na kama trekta ina fremu ya kumkinga dereva, vaa mkanda. Uswidi iliamuru fremu hizo kwa trekta mpya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana.

Najua kibarua ni kibarua, na hakuna anayetaka kuonekana mwoga mbele ya mabeste. Lakini kesho ukiambiwa ukae mbele ya trekta, uliza kwanza vyuma viko wapi. Kama havipo, acha trekta isubiri.