Shingo ya Kranki: 40 au 42?

Anayejenga injini ya mashindano Kiirua ana shida ambayo fundi wa Mombasa haijui: hewa hafifu. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 kuliko pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Wengi hufidia pengo hilo kwa kuizungusha injini kwa kasi zaidi. Hapo ndipo unene wa shingo ya kranki, yaani sehemu ya mviringo inayoshikwa na konrodi, huamua kama gari litamaliza mbio.

Chukua Toyota 4A-GE ya lita 1.6. Matoleo ya kwanza yalikuwa na shingo ya milimita 40 na ya baadaye 42. Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Ukakamavu wa shingo hufuata kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo milimita mbili tu huuongeza kwa asilimia 22 hivi. Kuna faida nyingine ninayoithamini zaidi. Ukiitazama kranki kutoka mbele, shingo hiyo na shingo kuu, ile inayobebwa na bloku ya injini, hupandana kidogo, na mpandano huo huiimarisha kranki. Katika 4A-GE, pistoni husafiri milimita 77 na shingo kuu ina 48, hivyo mpandano ni milimita 5.5 kwa kranki ya 40 na 6.5 kwa ile ya 42. Subaru EJ20 ina mpandano wa milimita 18.5, nayo inauhitaji kwa sababu kuta za kranki yake ni nyembamba mno.

Unene una gharama yake. Upana wa beringi na nafasi ya mafuta vikibaki vilevile, msuguano hupanda kwa asilimia 16. Ndiyo maana mafundi wa NASCAR waliacha shingo ya Chevrolet ya milimita 53 wakashuka hadi 48, kipimo cha Honda. Lakini wao huagiza kranki za chuma bora na huzifungua injini zao mara kwa mara kuzikagua.

Kwa barabara za vumbi na makorongo, mimi nachagua 42 bila kusita. Gari likiruka tuta, magurudumu hukosa mzigo na injini hupaa ghafla. Kutoka mizunguko 7,000 hadi 8,000 kwa dakika, nguvu inayotokana na uzito wa pistoni na konrodi huongezeka kwa asilimia 31. Ila usichanganye vipuri: konrodi za 42 hutumia pini ya pistoni ya milimita 20, na zile za 40 hutumia ya 18. Nunua seti nzima.

Na kama injini ilinoki, kranki ikahitaji kusagwa andasaizi ya milimita 0.25, usiridhike na kipimo cha maikromita pekee. Kagua kona ambapo shingo inakutana na ukuta. Ni lazima ibaki na mviringo wake laini, kwani jiwe la kusagia likiiacha kali, ufa huanzia hapo hata kama shingo ni nene. Kranki ya namna hiyo usiifunge.