Mhunzi Aanze na Koleo Lake

Jembe la mkulima wa Igogwe likivunjika mpini, mwenyewe hana wasiwasi. Huchukua panga, akakata mti mgumu, akachonga mpini mwingine, na kabla jua halijawa kali yumo tena shambani. Lakini jembe lile lile likivunjika bapa, mambo hugeuka. Hapo hana budi kufunga safari kwenda dukani, na fedha ya safari hiyo hutoka katika viazi ambavyo bado vimo ardhini. Nusu ya chombo chake ni yake, na nusu ya pili ni ya watu wengine. Jambo hili twaliona dogo kwa kuwa tumelizoea, nasi twasema si dogo hata kidogo.

Wala haikuwa hivyo daima. Upande wa mashariki wa Rungwe imesimama milima ya Ukinga. Kabla ya majembe ya Ulaya kujaa madukani, Wakinga waliyeyusha mawe ya chuma, wakafua majembe na mikuki, wakateremka nayo bondeni kubadilishana na Wanyakyusa kwa chakula na mifugo. Ufipani, tanuri za udongo zilisimama juu kuliko kimo cha mtu, zikivuta upepo zenyewe pasipo mivuo. Kule Buhaya, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri zilizowashwa yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Basi asitokee mtu akatuambia kwamba ufundi wa chuma tuliletewa na meli.

Moto huo ulizimwa na nini? Jembe la kiwandani lilikuja kwa bei ndogo, na hilo kila mtu alijua. Lakini iko sababu ya pili ambayo hatupendi kuitaja: ujuzi ulikaa katika vichwa vya watu wachache, umezungukwa na miiko na siri, na mzee alipofariki aliondoka nao. Mwaka 1976 mtaalamu Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Buhaya wajenge tena tanuri na kuyeyusha chuma kama zamani. Wazee hao walikuwa wamekaa miongo mingi bila kuifanya kazi hiyo, wakalazimika kuitafuta katika kumbukumbu zao. Walifanikiwa, na habari zao zikachapwa mwaka 1978 katika jarida la Science, zikasomwa duniani kote. Je, kama wangaliombwa miaka ishirini baadaye, angalikuwapo nani wa kujibu?

Leo hatuna haja ya kuyeyusha mawe. Chuma kimelala kando ya barabara. Malori yapitayo Tukuyu kwenda mpakani Kasumulu huacha springi zilizovunjika katika kila gereji, na penye ujenzi hapakosi vipande vya nondo. Kinachokosekana ni mikono yenye vifaa. Tangu SIDO iundwe mwaka 1973, na VETA mwaka 1994, vijana wengi wamefundishwa kazi za chuma. Lakini wako wanaorudi nyumbani na cheti mfukoni, kisha wakakaa kibarazani wakingoja mkopo wa kununulia vifaa, au mfadhili wa kuwaletea sanduku. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nasi hatutaki kijana huyu azeeke akingoja.

Twamwambia hivi: mhunzi ni fundi mwenye bahati kuliko mafundi wote, maana kazi yake huzaa vifaa vyake. Seremala hawezi kujichongea msumeno, wala mshoni hawezi kujishonea sindano. Mhunzi aweza. Hata koleo la kwanza hufuliwa bila koleo. Atwae nondo mbili, kila moja ndefu kiasi cha mkono mzima, ashike ncha iliyo baridi, na ile ya pili aitie motoni. Aiponde iwe bapa, apinde bega, atoboe tundu, kisha aziunge mbili hizo kwa ribiti. Siku hiyo amekwisha kuwa na koleo, na kwa koleo hilo atashika chuma kifupi na kufua vifaa vingine vyote.

Fuawe si lazima ling'ae. Kipande kizito cha chuma kilichokitwa juu ya gogo chatosha. Kipande cha reli ni kizuri zaidi, lakini kinunuliwe kwa halali na kwa risiti, kwani kung'oa reli ni kuua abiria. Upepo waweza kutoka katika mivuo ya ngozi ya mbuzi, au katika feni izungushwayo na gurudumu la baiskeli. Springi ya lori hutoa patasi, tindo na visu. Chuma hicho kipashwe moto mpaka sumaku isikishike tena, kisha kitumbukizwe katika mafuta. Hapo huwa kigumu lakini chavunjika kama chungu, kwa hiyo kisuguliwe na kurudishiwa moto kidogo kidogo hadi rangi ya majani makavu ionekane. Rangi ikifika buluu, ukali umepungua. Na mabati yenye zinki yasitiwe motoni kabisa, maana moshi wake huleta homa.

Hayo tumeyaandika wazi kwa makusudi. Mambo haya hayafai kuwa siri ya mtu. Mhunzi akibuni koleo la namna mpya, au jembe dogo lifaalo miteremko ya Rungwe, alichore, aandike vipimo, awaite wenzake waone. Mafundi watano waweza kununua fuawe moja zito kwa umoja, wakakutana siku moja kila mwezi, kila mmoja na kazi aliyoifanya na ile iliyomshinda. Iliyomshinda ndiyo yenye mafunzo zaidi. Watu wa Rungwe si wageni wa shauri kama hili, kwani waliuza kahawa yao kwa ushirika tangu zamani za ukoloni.

Yuko atakayesema: kiwanda chatoa majembe elfu, mhunzi wa kijiji atoe kumi, na bei itamshinda. Ni kweli, nasi hatumwambii mhunzi ashindane na kiwanda kwa wingi. Lakini kiwanda hakitakuja Igogwe kunoa panga lililokufa makali, wala kutengeneza bawaba ya mlango wa mjane, wala kulipa jembe ncha mpya msimu wa mvua ukiwa umeanza. Kazi hiyo ipo kila siku, na fedha yake hubaki kijijini.

Na tuanze, basi, na nondo mbili na moto wa mkaa wa miti tuliyoipanda wenyewe. Kijana akifua koleo lake la kwanza, asilifiche nyumbani. Alipeleke kwa jirani, amwonyeshe lilivyofanywa, ili jirani naye afue lake.