Mtoto Anaposimama Dede

Nyumba gani haicheki siku mtoto anaposimama dede? Bibi anaacha kupepeta, dada anatua ndoo mlangoni, wote wanapiga makofi. Mtoto naye anajiona mkubwa. Anaachia ukuta, hatua moja, hatua ya pili, puu! yuko chini. Halafu anatutazama nyuso. Tukicheka, anacheka. Tukishtuka, analia.

Siku hiyo ndiyo maneno ya majirani huanza. "Wa kwangu alitembea ana miezi 9." Mama mwenye mtoto wa miezi 14 anayetambaa bado, usingizi unamruka. Basi tueleze. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wazima wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006. Waliowahi walitembea wenyewe wakiwa na miezi 8 hivi. Waliochelewa walikaribia miezi 18. Wote walikuwa wazima, na wachache hawakutambaa kabisa kwa magoti. Kwa hiyo huyo wa miezi 14 mwacheni atambae. Akifika miezi 18 hajatembea, mpelekeni kituo cha afya. Safari hiyo ipo tu, maana ndio mwezi wa chanjo ya pili ya surua na rubela.

Kusema nako ni hivyo hivyo. Karibu na mwaka mmoja atasema "mama" au "baba". Akifikia miaka 2 ataunganisha mawili: "mama maji". Wako wanaoogopa kwamba Kingoni cha bibi na Kiswahili cha baba vitamchanganya. Havimchanganyi. Semeni naye vyote.

Lakini liko jambo ambalo majirani hawalisemi, nalo ndilo linalotuuma sisi. Mtoto akishatembea tunamwona amekua. Mgongoni anashushwa. Pengine mama ana mimba nyingine, ziwa linakatazwa. Mvua zinaanza, mama anakwenda shamba alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka 7 na kiporo cha ugali. Mchana wote amekula mara moja.

Huu ni mkoa wa Ruvuma, ndugu zetu. Mahindi yetu yanalisha mikoa mingine, magunia tunauzia hifadhi ya taifa pale Songea. Hata hivyo, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto kama 35 katika kila 100 wa mkoa wetu wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao. Kwa nchi nzima walikuwa 30. Aliyedumaa hadi miaka 2 ni vigumu kurudisha alichokosa, hata akili yake shuleni inaathirika. Eti ghala limejaa!

Sababu moja ni tumbo lenyewe. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ukimjaza uji mwepesi wa sembe, umemjaza maji. Atanyamaza, lakini hakushiba. Uji uwe mzito, usidondoke haraka kwenye kijiko. Tieni karanga zilizosagwa, au dagaa usipa wa Ziwa Nyasa mliowakausha na kuwatwanga. Soya pia inafaa, ila ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Karanga nzima asipewe, zitampalia. Ale mara 3 au 4 kwa siku, na katikati apate papai au parachichi. Ziwa aendelee nalo mpaka miaka 2 na zaidi.

Tena awe na bakuli lake. Kwenye sinia moja na kaka zake atashindana vipi? Wenzake wanamega, yeye bado anacheza na tonge la kwanza. Mama akienda shamba, chakula cha mchana kiachwe tayari kimefunikwa, na dada aelezwe amlishe mara ngapi. Kina baba, kazi hii si ya dada peke yake.

Mwisho, kadi ya kliniki. Wengi tunaifunga kwenye nailoni, tunaitoa siku ya mzani tu. Itoeni leo muisome, kwani kusoma si tunajua? Chini ni miezi, pembeni ni kilo. Hesabuni miezi kwa tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa pale, si kwa "alizaliwa wakati wa palizi". Halafu fuateni mstari wa uzito kwa kidole. Ukipanda, vema. Ukilala, au ukishuka, muulizeni muuguzi siku hiyo hiyo kabla hamjaondoka, hata kama foleni ni ndefu na mtoto anakimbia huku na huku uwanjani.