Bei ya Pipa la Maji

Boza la maji likiingia New Site, mtaa wa Juba, mwezi wa Februari, halina haja ya kupiga honi mara mbili. Kiangazi kimekaza, pipa limebaki tope, na maji yaliyovutwa Mto Nile ndiyo ya kupikia na kufulia. Agosti boza lile lile linapita na mama wa nyumba hata hainuki. Tangu usiku amepanga mabeseni na masufuria chini ya mabati, na yote yamefurika.

Sasa mlete mtafiti anayepima utayari wa kulipa, yaani bei ya juu kabisa ambayo mtu angekubali kutoa. Ana njia nzuri, ya Becker, DeGroot na Marschak, ya mwaka 1964. Mama anataja bei yake, kisha anachota kikaratasi chenye bei nyingine. Isipozidi yake, ananunua kwa bei ya kikaratasi, ikizidi, hauziwi. Hapo kudanganya hakumfaidii kitu. Lakini mama huyo huyo, bila uongo hata kidogo, atataja bei moja Februari na nyingine Agosti. Kiu yake ni ile ile. Kilichopimwa ni pengo kati ya maji ya boza na yale ya mbinguni.

Na bure ina uchawi wake zaidi ya pengo. Mwaka 2007 Shampanier, Mazar na Ariely walichapisha jaribio la chokoleti, Lindt senti 15 na Hershey's senti 1. Kati ya waliochagua, asilimia 73 walichukua Lindt. Kila bei ikapunguzwa senti moja, Hershey's ikawa bure, na asilimia 69 wakaichukua hiyo. Pengo halikuguswa: senti 14.

Busia, Kenya, maji ya chemchemi hayauzwi; mtu hulipa kwa miguu. Kremer, Leino, Miguel na Zwane, katika utafiti wa 2011, walihesabu mwendo ambao watu walikubali kuongeza ili wafike kwenye chemchemi iliyojengewa ili maji yasichafuke. Thamani iliyotokana na hatua hizo ilikuwa ndogo sana kuliko ile waliyoitaja kwa mdomo. Mimi naiamini miguu, ila nakumbuka kwamba ilikuwa ikiipita chemchemi nyingine ya bure njiani.

Kwa hiyo ukiletewa ripoti ya bei ambayo watu wa New Site wako tayari kulipia pipa la maji, tafuta kwanza waliulizwa mwezi gani.