Nyama nyeusi ya Butembo na farasi wa Nairobi

Mteja sokoni Butembo, mashariki mwa Kongo, akikutana na kipande cha nyama cheusi, kikavu, kinachonata mkononi, hukisukuma pembeni na kusema ng'ombe huyu alikuwa mzee, au alikufa mwenyewe. Mara nyingi anamwonea muuzaji. Ng'ombe huyo pengine alikuwa kijana na mzima. Msuli wake ndio uliochoka, tena kabla hajachinjwa.

Sisi madaktari wa mifugo, mengi tunayoyajua kuhusu msuli uliotumikishwa tumefundishwa na farasi. Beni na Butembo hatuna farasi wa mbio. Huko chini kwenye bonde la Semliki mbung'o hueneza nagana, ugonjwa ambao farasi hauwezi kabisa. Wa karibu wako Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong, ambako mbio zinafanyika tangu 1954.

Ugonjwa wa msuli humshika hivi: farasi anaweza kuwa ndiyo kwanza anapasha mwili, mara hatua zinafupika. Jasho linamtiririka, matako yanakakamaa hata ukiyabonyeza kidole hakizami, na hataki kwenda mbele wala nyuma. Baadaye akikojoa, mkojo una rangi ya kahawa nyeusi. Hiyo si damu. Ni myoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya msuli. Nyuzi za msuli zimepasuka, myoglobini imemwagika kwenye damu, na figo zinahangaika kuichuja. Figo zikizidiwa ndipo farasi anapokufa, ingawa aliyemtazama aliona ugonjwa wa miguu tu.

Ulaya ya zamani waliuita ugonjwa wa Jumatatu. Farasi wa kazi alipumzishwa Jumapili huku akipewa nafaka ileile ya siku za kazi, na kesho yake akifungwa kwenye mkokoteni anakakamaa barabarani. Kwa miaka mingi lawama zote zilibebeshwa asidi ya laktiki. Maelezo hayo hayakusimama, kwa sababu farasi wengi hushikwa wakiwa katika mwendo wa polepole, asidi hiyo ikiwa kidogo. Katika farasi wa mbio, hasa majike vijana wenye wasiwasi, hitilafu inahusishwa na jinsi msuli unavyoitawala kalsiamu, ambayo ndiyo huziamuru nyuzi zijikaze. Katika aina nyingine, wakiwemo farasi wazito wa Ubelgiji, watafiti wa Marekani walitangaza mwaka 2008 kasoro ya jeni inayoufanya msuli ulimbikize kupita kiasi glaikojeni, yaani sukari ya akiba. Tiba kubwa ya makundi yote mawili haimo kwenye sindano: punguza nafaka, ongeza nyasi na mafuta, na usimfungie mnyama bandani kutwa nzima.

Ng'ombe wetu ana shida ya upande wa pili. Nyuzi zake ni nzima, ila akiba imekwisha. Ameswagwa kwa miguu kutoka malisho ya Lubero, kwenye milima inayopita mita 2,000, hajala vya kutosha, hajanywa, fimbo haimtoki mgongoni, na kila kizuizi cha barabarani kinamsimamisha juani. Akifika anachanganywa zizini na mafahali asiowajua. Usiku kucha wanapigana na kupandana, na hapo ndipo kile kidogo kilichobaki kinateketea. Kwa maoni yangu zizi hilo la usiku mmoja linaharibu nyama kuliko safari yenyewe.

Mnyama aliyetulia akichinjwa, msuli wake huendelea kuivunja glaikojeni bila oksijeni na kutoa asidi ya laktiki. Hapa asidi hiyo ina kazi yake halali: ndani ya saa 24 pH hushuka kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5, nyama inakuwa nyekundu ya kupendeza na bakteria hawazaani upesi. Akiba ikiwa imekwisha, asidi haipatikani, pH inabaki juu ya 6, nyama inashikilia maji yake, inageuka nyeusi na kunata. Haina sumu. Inaoza haraka tu, na mahali ambapo nyama inaning'inizwa bila friji hiyo ni hasara kubwa. Ukiinunua, ipike siku hiyohiyo. Lakini rangi peke yake haikuambii kama mnyama alikuwa mgonjwa. Tafuta muhuri wa mkaguzi.

Tena usidhani kumpumzisha usiku mmoja kutamrudishia nguvu. Mtu akila vizuri hujaza akiba yake kwa siku moja hivi, ng'ombe huhitaji siku kadhaa. Ndiyo maana kazi yote iko njiani na zizini.

Mbuzi wanateswa kwa namna nyingine. Kati ya Beni na Butembo, kilomita 50 na kitu, utawaona wamefungwa miguu yote minne na kulazwa nyuma ya pikipiki, kichwa kikining'inia. Wakifunguliwa, wengine hawasimami. Msuli uliobanwa umekosa damu, na kamba ikilegezwa vilivyovuja kutoka kwenye nyuzi zake vinaingia mwilini kwa pamoja. Ndiyo hali ambayo madaktari wa London waliieleza mwaka 1941 kwa watu waliofukuliwa chini ya nyumba zilizopigwa mabomu: walitolewa wakiwa hai, wakafa siku chache baadaye kwa figo.

Binadamu anayejichosha kupita kiasi naye hasalimiki. Kijana anayesukuma chukudu (kigari cha mbao) lenye mzigo mlimani kutwa bila maji, akikojoa mkojo wa rangi ile niliyoitaja, aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje maumivu yaishe.

Wachungaji na wachuuzi, nawaomba haya: swageni asubuhi na jioni, mnyweshe kila penye mto, fahali wageni msiwachanganye, na mbuzi asafiri amesimama. Ng'ombe akikakamaa njiani, wekeni fimbo chini. Mpelekeni kivulini, mpeni maji, mwiteni daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, hapahapa Butembo, kinawafundisha madaktari hao.