Kitu kikiingia jichoni, usikichomoe

Mtoto anakimbia na biki mkononi, anateleza, biki inaingia kando ya jicho. Mtu wa kwanza kufika, awe mama au jirani, anataka kuivuta. Hapo ndipo hatari kubwa inapoanzia.

Jicho limekaa ndani ya tundu la mifupa, na mfupa wa juu unaolitenga na ubongo ni mwembamba sana. Fimbo, msumari au ncha ya kisu inaweza kuutoboa, huku nje pakionekana kidonda kidogo tu kwenye kope. Tena, huenda kitu hicho ndicho kinachoziba mshipa uliokatika. Ukikichomoa njiani, damu inamwagika ndani ya kichwa, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Kiachwe kilipo. Kizungushiwe vitambaa kisitikisike, bila kubana jicho. Msilioshe, msiliwekee majani wala dawa ya matone. Mgonjwa asile wala asinywe, maana huenda atapasuliwa. Kama gari linapatikana, liacheni pikipiki: mashimo ya barabara zetu yanatosha kukisukuma ndani zaidi.

Na kama kimeshatoka? Kileteni hospitalini, waganga waone kama kipande kimebaki. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, kifafa, au maji maangavu yanayotiririka puani ni dalili kwamba fuvu huenda limetobolewa.

Hospitalini wanaangalia kwanza pumzi na damu, kisha antibiotiki, kinga ya pepopunda na skana. Mti mkavu unaweza kuonekana kwenye skana kama hewa tu, kwa hiyo semeni wazi kilichomchoma ni nini. Kikiwa chuma, IRM ni hatari, kwani sumaku yake inaweza kukisogeza. Kinatolewa ndani ya chumba cha upasuaji, pole pole, damu ya kuongeza ikiwa tayari. Jicho lililopasuka linafaa kushonwa mapema, ndani ya saa 24 ikiwezekana.

Kwa risasi na vipande vya bomu, hesabu ni nyingine. Mwezi wa kwanza 2025, hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, ambako CICR inasaidia upasuaji wa majeruhi wa vita, ilizidiwa na wagonjwa. Familia inaweza kushangaa kuona mtu wao anarudi nyumbani na kipande kichwani. Si uzembe. Kilichozama sana ndani ya ubongo mara nyingi huachwa humo, kwa sababu kukitafuta kunaweza kuharibu zaidi kuliko kukiacha.